Agosti 1 imepita, simu ya kijana haijalia: besiboli ya chuo Marekani, nani anaijua njia?

#1 Baba Tumaini
Wakuu, habari zenu. Niko Columbus, Ohio, mwaka wa kumi na mbili huu. Kijana wangu wa kwanza ana miaka 16, anaingia darasa la 11, anacheza besiboli shuleni na kwenye klabu ya kiangazi. Ni mrushaji, mkono wa kulia, futi sita na inchi moja. Mimi mchezo wenyewe nimeujulia ukubwani, mpaka leo kuna maamuzi ya refa napiga makofi kwa kuwafuata waliokaa jirani.

Kocha wa klabu alitwambia tangu mwaka jana kwamba makocha wa vyuo vya Divisheni ya Kwanza, ile ngazi ya juu kabisa, hawaruhusiwi kuongea na mtoto mpaka Agosti 1 kabla hajaanza darasa la 11. Basi usiku wa kuamkia siku hiyo dogo hakulala. Simu kaweka kwenye chaji, sauti juu kabisa. Saa sita usiku ikalia kweli. Ni mama yake mdogo kutoka Morogoro, kwao kumeshakucha, anauliza mchango wa msiba umefikia wapi. Baada ya hapo kimya. Leo wiki ya tatu.

Sasa kuna kampuni imetupigia, inataka dola 2,600 imtengenezee wasifu na kuusambaza kwa vyuo zaidi ya elfu moja. Mke wangu anasema tulipe. Mimi naona kama tunapigwa. Simu hailii kwa sababu gani, na hiyo hela nitoe nisitoe?

#2 Mkata Mbao
Usitoe. Maelezo watakupa wajuzi.

#3 Kibibi wa Makorora
Nimevuta kiti.

#4 Chumvi Nyingi
Samahani mkuu, besiboli si ndiyo ile rede yenye rungu?

#5 Fundi Rada
#4 kaa kimya wewe.

Mleta uzi, dogo anarusha maili ngapi kwa saa? Kwa mrushaji hilo ndilo swali la kwanza, la pili na la tatu. Mkono wa kulia asiyefika 88 huko darasa la 11, Divisheni ya Kwanza kubwa hawamwoni. Siyo kwamba ni mbaya, ila hawamwoni tu, macho yao yako kwingine.

#6 Baba Tumaini
Anafika 84. Kocha wa klabu ndiye aliyempima.

#7 Fundi Rada
84 ya rada ya kupimia kasi, au 84 ya kocha anayelipwa na wewe?

#8 Baba Tumaini
😅 Hilo sikuwahi kulifikiria.

#9 Mama wa Watatu
Mwanangu ameyapitia, kamaliza mwaka jana. #5 ana nusu ya ukweli. Kasi ni kitu, lakini mwaka huu hata watoto wa 88 simu zao hazilii. Sababu ni dirisha la usajili.

Zamani mchezaji akihama chuo, anakaa benchi mwaka mzima. Tangu 2021 ameruhusiwa kuhama mara moja bila adhabu, na tangu 2024 anahama anavyotaka mradi darasani yuko sawa. Sasa jiweke kwenye viatu vya kocha ambaye ajira yake inategemea kushinda msimu huu. Atachukua mtoto wa miaka 18 anayehitaji kulishwa miaka miwili, au kijana wa miaka 21 mwenye ndevu aliyekwisha kurusha misimu miwili chuo kingine? Ni Simba na Yanga tupu. Nani anahangaika na timu ya vijana wakati wachezaji waliokomaa wapo sokoni?

Halafu kuna la idadi. Kuanzia Julai 2025, baada ya ile kesi ya wanamichezo, House dhidi ya NCAA, yaani chama cha michezo ya vyuo, kikosi cha besiboli kimewekewa kikomo cha wachezaji 34. Kabla ya korona ilikuwa 35, korona ikawafikisha 40. Nafasi zinapungua, wazee wanaongezeka.

#10 Dalali wa Ukweli
Nimemsikia mama hapo juu, ila ameruka habari njema. Kesi hiyo hiyo ndiyo iliyofuta kikomo cha ufadhili. Sasa wachezaji wote 34 wanasomeshwa bure. Zamani zilikuwa skolashipu 11 tu kwa chuo.

#11 Mama wa Watatu
Hapana kaka, usimpoteze mwenzetu. Kwanza zilikuwa 11.7, na hizo zilikatwakatwa kwa wachezaji hadi 27. Ndiyo maana mtu alikuwa anajisifu kanisani mwanawe kapata "skolashipu ya besiboli" kumbe ni robo ya ada. Pili, sasa vyuo vimeruhusiwa kuwapa wote 34, havijalazimishwa. Vyenye hela ya mpira wa miguu wa Kimarekani vitatoa. Vingine vitatoa vilevile walivyokuwa wanatoa. Tatu, kikomo hicho ni cha vyuo vilivyokubali kuingia kwenye makubaliano ya kesi, vingine vimekaa pembeni. Ivy League, vile vyuo vikongwe vyenye jina, hawamo, na wao ufadhili wa michezo hawajawahi kutoa.

#12 Dalali wa Ukweli
Nimekubali, nakaa.

#13 Kamau wa Plano
Niko Texas. Niaje wadau. Mnazunguka, sababu ni hali ya hewa. Huku watoi wanacheza karibu mwaka mzima. Januari wako uwanjani na fulana. Huyo wa Ohio Januari anarushia mpira ndani ya gym, wavu mbele yake, na msimu wa shule ukianza mwisho wa Machi nusu ya mechi zinaahirishwa kwa matope. Kocha wa chuo akitaka kuona mrushaji, anapanda ndege kuja kwetu, au Florida, au California. Mtoto wako hajaonekana, period. Hajakataliwa.

#14 Fundi Rada
Ohio nayo inatoa wachezaji kila mwaka bwana. Baridi haijamzuia mtu kurusha 90.

#15 Kamau wa Plano
Sijasema inazuia. Inachelewesha. Tofautisha.

#16 Sista Neema RN
Mimi ni nesi, mambo ya usajili siyajui. Nauliza tu: mkono wa mtoto uko salama? Wikiendi moja anarusha mipira mingapi?

#17 Baba Tumaini
Asante dada kwa kujali. Kwenye mashindano ya Julai, Jumamosi alirusha kama 110, Jumapili wakaishiwa warushaji akaongeza 40. Alisema mkono uko poa. Alipaka dawa ya kuchua tukarudi nyumbani.

#18 Sista Neema RN
BABA TUMAINI.

Kuna mwongozo wa MLB, ligi kuu ya besiboli, na USA Baseball, uko wazi kwenye mtandao tangu 2014. Miaka 15 na 16, mwisho ni mipira 95 kwa siku. Akivuka 75, apumzike siku nne. Nne! Wewe umempa usingizi wa usiku mmoja. Nimekaa wodini na watoto wa miaka 17 waliotoka kufanyiwa ule upasuaji wa kiwiko wanaouita Tommy John. Wanachukua mshipi wa nyama kutoka sehemu nyingine ya mwili, mara nyingi mkono wenyewe, wanaufunga kwenye kiwiko, na kurudi kurusha ni mwaka na zaidi. Kijana mmoja alikuwa ananiuliza kila nikiingia kama ataweza kushika kijiko kesho.

Na mtoto akijua baba yake amelipa mashindano, atasema "mkono uko poa" hata kama unawaka moto.

#19 Baba Tumaini
Nimesoma mara tatu. Kweli nilikuwa sijui. Nimemwita, nimemwuliza tena tukiwa wawili. Kasema kiwiko "kinavuta kidogo" upande wa ndani tangu siku ile. Kesho tunampeleka.

#20 Sista Neema RN
Upande wa ndani. Ndiyo, mpeleke. Asirushe hata jiwe.

#21 Chumvi Nyingi
Hapa nimeacha utani. Pole mkuu.

#22 Mwami wa Uvira
Jambo yenu bandugu. Miye niko Des Moines, Iowa, natoka Uvira. Munasema Divisheni ya Kwanza, Divisheni ya Kwanza, sababu gani? Mutoto wangu alianza kwa chuo ya miaka mbili, ile banaita JUCO. Pale ada ni kidogo, anacheza toka siku ya kwanza, hakai kwa benchi. Miaka mbili amekomaa, ameongeza kilo kumi na mbili, maili kutoka 82 mupaka 89. Sasa iko kwa chuo kubwa, balimuita bao wenyewe. Hakuna mutu alilipa kampuni.

Na musisahau Albert Pujols. Yule alikuja hapa akiwa kijana, Kiingereza hajui, na akapitia chuo kama hiyo hiyo.

#23 Dalali wa Ukweli
Pujols si aliokotwa Dominika na maskauti kama wenzake wote wa kule?

#24 Fundi Rada
#23 leo siyo siku yako. Pujols kazaliwa Dominika, ila familia ilihamia Marekani, akasoma sekondari Missouri, akaenda Maple Woods, chuo cha miaka miwili Kansas City. Mwaka 1999 Cardinals, timu ya ligi kuu, wakamchukua raundi ya 13 ya draft, pale timu za kulipwa zinapochagua vijana kwa zamu. Raundi ya 13! Wachezaji 401 walitajwa kabla yake. Kastaafu na hom rani 703, ile mipira inayopigwa mpaka nje ya uwanja.

Mwami yuko sahihi. Na draft yenyewe imechangia msongamano huu: zamani ilikuwa raundi 40, mwaka 2020 ya korona ikawa 5, tangu 2021 ni 20. Vijana waliokuwa wanachukuliwa raundi ya 25 wakaenda zao kulipwa, sasa wanarudi kugombania nafasi za chuo na mwanao.

#25 Mama wa Watatu
Tahadhari kidogo kuhusu JUCO. Siyo zote sawa. Divisheni ya kwanza ya NJCAA, chama cha michezo ya vyuo hivyo vya miaka miwili, wanaweza kukulipia mpaka chumba na chakula, ya pili hawalipii kulala wala kula, ya tatu hakuna ufadhili wa michezo kabisa. Na vile vya California havitoi ufadhili wa michezo hata senti. Uliza kabla hujafunga virago.

#26 Kamau wa Plano
Kitu hakuna mtu anataka kusema: kuna watoi weusi wangapi kwenye hizo timu? Nimeenda mashindano Georgia wikiendi nzima, uwanja nane, nikahesabu kwa vidole. Bat moja ya BBCOR, ile aina inayokubalika shuleni, ni zaidi ya dola 400. Klabu 3,000 kwa msimu. Hoteli, petroli. Huu mchezo huku unachuja kwa wallet kabla ya kuchuja kwa mkono.

#27 Fundi Rada
Pesa, sawa. Ubaguzi, sijui. Rada haioni rangi.

#28 Kamau wa Plano
Rada haioni rangi, lakini rada iko wapi? Iko kwenye show ya vipaji ya kulipia dola 300 kuingia. Fikiria tena.

#29 Mkata Mbao
Kamau kapiga ndani ya kumi na nane.

#30 Okello Kampala
Nawasoma kutoka Kampala. Sisi huku tunaucheza, msitusahau. Watoto wa Lugazi, hapa Uganda, walifika Williamsport, Marekani, mwaka 2012, timu ya kwanza ya Afrika kwenye fainali za dunia za besiboli ya watoto. Mwaka mmoja kabla, wenzao walifuzu wakanyimwa viza, wakabaki kutazama. Kwa hiyo Baba Tumaini, wewe mwenye kijana tayari yuko Ohio na makaratasi yake, umeshavuka mlima wetu wote.

#31 Chumvi Nyingi
Tanzania nasi tupo, pale Azania Sekondari kuna uwanja, Wajapani walisaidia. Nilipita nikadhani wanaanika mipira.

#32 Mwalimu Shabani
Turudi kwa mleta uzi. Mimi ni mshauri wa wanafunzi sekondari, Minnesota. Kila mwaka napata mzazi anayejua kasi ya mkono wa mwanawe mpaka desimali, ukimwuliza wastani wa masomo anaangalia dari. NCAA wanataka masomo 16 ya msingi. Kwa Divisheni ya Kwanza wastani wa 2.3 kati ya 4 kwenye hayo, na 10 kati ya 16 yawe yamekamilika kabla darasa la 12 halijaanza. Somo la kupika halimo, mazoezi ya viungo hayamo. Na wageni kama sisi tujihadhari: madarasa ya Kiingereza ya wanaoanza huwa hayahesabiwi. Kila shule ina orodha yake ya masomo yaliyokubaliwa kwenye tovuti ya NCAA, ifungue leo.

Mtihani wa SAT, ule wa kuombea chuo, wameuondoa kwenye masharti yao, ila chuo chenyewe kinaweza kuutaka.

#33 Baba Tumaini
Mwalimu, ana 3.5. Hesabu ndiyo inamsumbua.

#34 Mwalimu Shabani
3.5 na mnalia? Nenda Divisheni ya Tatu!

#35 Fundi Rada
D3 hakuna ufadhili wa michezo. Unampeleka akalipe ada ya elfu sitini?

#36 Binti Kilosa
Fundi, hapo sasa hujui. Mdogo wangu yuko D3, Pennsylvania. Bei ya kwenye tangazo ni 61,000. Amepewa punguzo la masomo na msaada wa mahitaji, sisi tunalipa 17,000 na chakula humohumo. Rafiki yake aliyepata "skolashipu ya D1" analipa 24,000. Makocha wa D3 wanaruhusiwa kupiga simu bila kusubiri Agosti yoyote, na 84 kwao ni kasi ya kuongea naye. Msaada wa FAFSA, ile fomu ya serikali ya kuomba msaada wa ada, wenye green card na wakimbizi wanaupata, wa viza ya mwanafunzi hawaupati. Hilo ndilo la kuangalia kwanza, kabla ya rada.

#37 Fundi Rada
Punguzo la masomo wanapewa wangapi lakini? Mdogo wako ni mmoja.

#38 Binti Kilosa
Na Pujols ni wangapi?

#39 Kibibi wa Makorora
Uwiii.

#40 Mama wa Watatu
Baba Tumaini, tumeongea sana hatujauliza: kijana mwenyewe ameandikia makocha? Tuletee barua aliyotuma, ondoa majina.

#41 Baba Tumaini
Hii hapa, nimeitafsiri: "Mheshimiwa Kocha, natumaini barua hii imekukuta ukiwa na afya njema pamoja na familia yako. Mimi ni kijana mwenye nidhamu, mcha Mungu na mwenye kuheshimu wakubwa. Tangu utoto nimekuwa na ndoto ya kusoma katika chuo chako chenye sifa. Nitashukuru sana endapo utanifikiria. Naomba kuwasilisha." Imetumwa vyuo 46.

#42 Chumvi Nyingi
Hii ni barua ya posa. Kocha amejibu kuwa mahari ni ng'ombe wangapi?

#43 Mkata Mbao
"Naomba kuwasilisha" 😂😂 nimemwaga chai.

#44 Mama wa Watatu
Mkuu, sema ukweli. Nani ameiandika?

#45 Baba Tumaini
Mimi.

#46 Mama wa Watatu
Nilijua. Wangu mume aliandika "Respected Sir". Sikiliza: kocha anafungua barua mamia, anasomea kwenye simu akiwa kwenye basi la timu. Kichwa cha barua kibebe kila kitu: mwaka wa kumaliza 2027, mrushaji wa kulia, 6'1", kasi, 3.5, Ohio. Ndani mistari mitano. Kwa nini chuo hiki na siyo kingine, sentensi moja ya kweli. Video ya dakika moja, mipira mfululizo, kamera nyuma ya mdakaji, bila muziki. Atacheza wapi na lini, na namba ya kocha wake. Aandike mwenyewe, na simu ikija aongee mwenyewe. Makocha wakisikia baba ndiye anajibu, wanaweka alama.

Na mialiko ya "kambi" ikianza kuja usishangilie. Nyingi wanatumiwa maelfu ya watoto. Kocha akikutaka atakwambia ni mchezo gani alikuona na ulirusha nini.

#47 Dalali wa Ukweli
Akishakubaliwa asubiri Novemba asaini ile barua ya kitaifa, NLI, chuo hakiwezi kumgeuka.

#48 Mwalimu Shabani
NLI wameifuta Oktoba 2024. Sasa ni mkataba wa ufadhili na chuo chenyewe. Kabla ya hapo neno la mdomo halimfungi mtu, si kocha si mtoto. Nimeshuhudia kijana katangaza kwa picha na kofia ya chuo, miezi kumi baadaye kocha kaajiriwa kwingine, aliyerithi kiti akamwambia "tafuta mahali pengine."

#49 Dalali wa Ukweli
Naandika kitabu cha makosa yangu.

#50 Mwami wa Uvira
Na ile kampuni ya 2,600?

#51 Mkata Mbao
Jibu langu la #2 bado linasimama.

#52 Binti Kilosa
Kuna ambao zimewasaidia, tusidanganye. Mtoto asiye na klabu, mzazi anafanya zamu mbili, mtu wa kumpangia anaweza kuwa na faida. Lakini kutuma kwa vyuo elfu moja ni kutupa nyavu jangwani. Chagua 30, kumi vya ndoto, kumi saizi yake, kumi vya uhakika.

#53 Fundi Rada
Na hiyo 2,600 mpe mwalimu wa kurusha miezi sita. Kasi ikifika 88 barua ya posa nayo itajibiwa.

#54 Sista Neema RN
Kasi gani na kiwiko kile? Tusubiri daktari kwanza.

#55 Baba Tumaini
Mrejesho, wakuu. Kipimo cha MRI kimetoka: mshipi haujakatika, umechubuka. Wiki sita bila kurusha, halafu aanze taratibu. Dada Neema, mke wangu anataka namba yako akushukuru, nimemwambia humu hatutoi namba.

Kampuni nimeikatalia. Wamepiga tena mara mbili, sasa ni 1,900.

Barua kaandika upya mwenyewe, mistari sita, nimekatazwa kuisoma. Kapeleka vyuo 28 na kawaambia ukweli kuhusu kiwiko. Watatu wamejibu. Mmoja ni mwaliko wa kambi. Wa pili D3 ya hapahapa Ohio, anauliza hesabu anasoma ngazi gani. Wa tatu kocha wa JUCO Kansas, neno kwa neno: "Ukipona nitumie video. Unapiga pia?"

#56 Fundi Rada
Anapiga?

#57 Baba Tumaini
Anasema anapiga. Mimi nilikuwa nadhani wote wanapiga.

#58 Mwami wa Uvira
Kansas! Ni karibu na sisi, saa chache tu na gari. Aje, tutamupikia ugali na sombe.

#59 Kamau wa Plano
Kijana kuambia kocha ukweli kuhusu injury ilikuwa poa ama ni kujiangusha? Mimi ningenyamaza.

#60 Mama wa Watatu
Kamau, wangu alinyamaza. Nikipata muda nitaeleza yaliyompata, ni marefu.

#61 Mzee Kipara
Sijasoma kurasa za nyuma. Mwambie kijana acheze soka.